Kwa nini tunatafuta tovuti ambayo jina lake tunalijua

Jumamosi moja nilikuwa kwenye siber, yaani duka la intaneti, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, nikisubiri karatasi zangu zitoke kwenye mashine ya kuchapa. Kando yangu alikaa mama mmoja mwenye kikaratasi mkononi. Mwanawe alikuwa amemaliza sekondari, na mtu alikuwa amemwandikia kwa bic anwani ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi: unilu.ac.cd. Alikilaza kile kikaratasi pembeni ya kibodi, akaandika herufi moja moja kwa kidole kimoja. Ukurasa wa chuo haukufunguka, ikaja orodha ya Google. Akashusha pumzi, akafuta yote, akaandika "unilu inscription", yaani kujiandikisha Unilu, akabonyeza jibu la kwanza, akafika alikokuwa akienda.

Kijana anayesimamia siber akacheka. "Mama, adresi iko hapa mbele yako, unatafuta nini tena?"

Mama akajibu bila kugeuza kichwa: "Niliandika, ikakatala."

Nilikuwa nimeona kwenye skrini yake kilichotokea. Alikuwa ameandika unilu;ac;cd. Kibodi ile ni ya Kifaransa, ile inayoanza na A, Z, E, R, T, na juu yake kitufe cha nukta ukikibonyeza peke yake kinatoa nukta-mkato. Ili upate nukta yenyewe lazima ushikilie Shift kwanza. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na kikaratasi chake kilikuwa sahihi kabisa.

Kicheko cha yule kijana nakisikia kila mahali: kwenye taksi, ofisini, hata nyumbani watoto wanapowatazama wazazi wao. "Watu wetu hawajui intaneti, wanaandika Facebook ndani ya Google!" Wanaosema hivyo wanadhani ni ujinga, au ni uvivu. Mimi nimekaa na jambo hili muda mrefu na naona kwamba anayetafuta ana sababu zake, tena sababu nzuri. Ila kuna mahali pachache ambapo tabia hiyohiyo inaweza kumwibia mtu pesa, na hapo ndipo inapofaa tuelewane vizuri.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo mdomoni mwetu vimekuwa kitu kimoja. Intaneti ni njia zenyewe, yaani nyaya, minara na mitambo inayounganisha kompyuta za dunia. Kivinjari ni gari unalopanda kupita njia hizo: Chrome, Firefox, Safari, Opera. Tovuti ni nyumba unayokwenda kuitembelea. Google je? Google nayo ni nyumba, tovuti kama nyingine, lakini kazi ya wenyeji wake ni kukuelekeza kwenye nyumba za watu. Wako wengine wanaofanya kazi hiyohiyo, kama Bing na DuckDuckGo. Mtu akisema "nimeingia Google" anaweza kuwa anamaanisha chochote kati ya hivyo, na simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu simu nyingi za Android zinauzwa zikiwa na kisanduku cha Google kwenye uso wa kwanza kabisa wa skrini. Mlango wa kwanza unaouona ndio unaoudhani kuwa nyumba nzima.

Sasa tazama tunavyoelekezana hapa mjini. Avenue zina majina na nyumba nyingi zina namba. Lakini mgeni akija kutoka Likasi, nani anampa avenue na namba peke yake? Unamwambia: panda taksi ya Bel-Air, ukishuka fuata ukuta mpaka kwenye kituo cha mafuta, pale uliza kwa mama anayeuza makala (makaa ya kupikia), kila mtu anatujua. Mgeni anafika. Angepewa namba tupu angezunguka mpaka jioni. Hatumwiti mgeni huyo mjinga kwa kuuliza njia. Kuuliza ndiyo njia ya haraka, na inasamehe makosa: hata ukikosea jina la mwenye nyumba kidogo, yule mama wa makala atajua unamtafuta nani.

Anwani ya tovuti haisamehi kitu. Ukikosea herufi moja, huendi popote, au unaingia kwa mtu usiyemjua. Mfano wa zamani unaojulikana sana ni wa Marekani: Ikulu yao iko whitehouse.gov, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 aliyeandika whitehouse.com, kwa kudhani tovuti zote zinaishia hivyo, alikutana na picha za ngono. Lakini ukiandika "mazembee" kwenye Google, itakuuliza kama ulimaanisha Mazembe na kukuonyesha timu yetu ya mpira.

Lakini anwani hizi zilitoka wapi, na kwa nini ni ngumu hivi? Cha ajabu ni kwamba zilibuniwa ili kuturahisishia maisha. Kompyuta hazijuani kwa majina. Kila moja iliyo kwenye mtandao ina namba yake, na kwa mtindo wa zamani ambao bado unatumika sana ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Mwanzoni, kompyuta zilipokuwa chache, majina yote na namba zake viliwekwa kwenye faili moja lililotunzwa na taasisi moja huko California, na kila mtu alilinakili. Mtandao ulipokua faili likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris, akifanya kazi pamoja na Jon Postel, akabuni utaratibu tunaoutumia mpaka leo: kitabu cha majina kilichogawanywa sehemu nyingi, kila sehemu na msimamizi wake.

Fikiria orodha ya majina kwenye simu yako. Namba ya mdogo wako huijui kwa kichwa, unabonyeza jina lake na simu inaitafuta namba yenyewe. Kitabu cha majina cha intaneti kinafanya hivyohivyo. Ukiandika unilu.ac.cd, kivinjari kinaulizia kutoka kulia kwenda kushoto: nani anasimamia .cd? Huyo wa .cd anajibu kuhusu ac.cd, tawi la vyuo. Halafu anaulizwa unilu ni yupi, na mwishowe inarudi namba. Mara nyingi majibu hayo yamekwisha kuhifadhiwa karibu nawe kwa sababu mtu mwingine aliuliza muda mfupi uliopita, kwa hiyo huoni hata kuchelewa. Utafutaji wa Google haumo katika safari hiyo. Google inaingia pale tu usipokuwa na jina kamili, au ukiamua kuuliza. Ndiyo maana tovuti inaweza kuwepo na kufunguka vizuri kabisa huku Google haiijui, kwa mfano ikiwa imezinduliwa jana. Nimewahi kusikia watu wakisema "haiko kwenye Google, basi haipo." Ipo. Yule mama wa makala hajapita mtaa huo tu.

Ugumu wenyewe unakuja mwishoni mwa jina. Chukua tovuti nne ambazo mtu wa Lubumbashi anaweza kuzihitaji kwa juma moja. Tume ya uchaguzi: ceni.cd. Chuo kikuu: unilu.ac.cd. Radio Okapi: radiookapi.net. Timu yetu: tpmazembe.com. Zote nne ni za kwetu, zinahusu maisha yetu, na kila moja ina mkia wake. Hakuna kanuni ambayo ingemwezesha mtu kukisia kwamba redio inaishia na .net na timu na .com. Mikia hiyo ilichaguliwa kila mmoja kwa sababu zake, na sisi ndio tunaodaiwa kuikumbuka. Niliwahi kumsikia kijana akimuuliza mkubwa wake, "Yaya, Okapi iko .com ao .net?" na yaya akajibu, "Sijue, we andika tu Okapi, itakuya." Ikaja kweli. Nani kati yao alikosea?

Na mikia yenyewe hubadilika. Sisi tunaoishi katika mji ulioitwa Elisabethville hadi 1966 tunajua maana ya jina kubadilishwa. Zamani za Zaire, anwani za nchi yetu ziliishia na .zr. Nchi ilipobadili jina Mei 1997, mwaka uleule ikapewa .cd, na .zr ikafutwa rasmi mwaka 2001. Aliyekuwa amekariri anwani yenye .zr alibaki na ufunguo wa mlango ambao umebomolewa. Aliyezoea kuuliza hakupoteza kitu.

Kisha kuna vidole. Nimeeleza habari ya nukta na Shift. Mkwaju (/) unaotenganisha sehemu za anwani nao kwenye kibodi hiyo unataka Shift, na tarakimu zote vilevile. Halafu kwenye siber zetu vibodi vimechanganyika: vilivyotoka Ubelgiji au Ufaransa ni AZERTY, vilivyotoka Dubai mara nyingi ni QWERTY, ambapo A imekaa mahali pa Q na W mahali pa Z. Vidole vilivyozoea kimoja, vikikaa juu ya kingine, vikitaka www vinatoa zzz. Mwenye kutafuta haandiki nukta wala mkwaju. Anaandika neno, na hata likiwa na kosa linaeleweka. Inafaa kukumbuka pia kwamba ile mikwaju miwili ya mwanzoni, inayofuata http na nukta-pacha, haikuwa na ulazima wowote. Tim Berners-Lee mwenyewe, aliyebuni wavuti akiwa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, alikiri mwaka 2009 kwamba angeweza kuiacha.

Halafu watengenezaji wa vivinjari wakaamua jambo moja lililomaliza ubishi. Zamani kivinjari kilikuwa na visanduku viwili juu, kimoja cha anwani, kingine cha kutafutia. Mtu alilazimika kujua tofauti. Mwaka 2008 Google ilitoa Chrome ikiwa na kisanduku kimoja kinachofanya kazi zote mbili: ukiandika kitu chenye sura ya anwani kinakupeleka moja kwa moja, ukiandika kitu kingine kinakutafutia. Wengine wakafuata. Ndicho kilichomfika yule mama: kisanduku kiliona nukta-mkato, kikaamua kwamba hiyo siyo anwani, kikaligeuza ombi lake kuwa swali. Hakikumwambia chochote. Aliona tu kwamba anwani "imekatala" na kwamba kutafuta kunafanya kazi. Angejifunza nini kingine?

Wala msidhani ni sisi peke yetu. Mwaka 2002 mtaalamu Andrei Broder, kwa kutumia takwimu za AltaVista, mtambo wa kutafuta uliokuwa maarufu kabla ya Google, alionyesha kwamba kati ya utafutaji mmoja kwa kila mitano na mmoja kwa kila minne ulikuwa wa mtu ambaye tayari anajua tovuti anayoitaka na anataka tu afikishwe. Siku hizi neno "youtube" na neno "facebook" ni miongoni mwa yanayotafutwa zaidi duniani kwenye Google. Mwaka 2021, mbele ya mahakama ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg, wakili wa Google mwenyewe alisema neno linalotafutwa zaidi kuliko yote kwenye Bing ni "Google". Watu wanakwenda kwa mzee mmoja kumuuliza mzee mwingine anakaa wapi.

Na mwaka 2010 lilitokea jambo ambalo sijalisahau. Watu wengi huko ng'ambo walikuwa na kawaida ya kuandika "facebook login" kwenye Google na kubonyeza jibu la kwanza. Siku moja mwezi wa pili, makala ya tovuti ya habari za teknolojia iitwayo ReadWriteWeb, iliyozungumzia Facebook, ikapanda juu kwenye majibu. Watu wakabonyeza kama kawaida yao, wakajikuta kwenye makala, na wengi wakadhani Facebook imebadilisha sura. Wakaanza kulalamika palepale chini ya makala: turudishieni Facebook yetu ya zamani, tutaingiaje? Waandishi walilazimika kuweka tangazo kubwa kuwaambia kwamba hapa siyo Facebook. Hakuna aliyeibiwa siku ile. Lakini fikiria kama ukurasa ule ungekuwa wa mwizi, wenye rangi ya buluu na visanduku viwili vya jina na neno la siri.

Hapo ndipo ulipo upande wa pili, na sitaki kuupunguza uzito. Yule mama wa makala anakuelekeza bure, na hana faida ukienda kwa jirani huyu au yule. Google inaishi kwa matangazo. Juu ya majibu ya kweli huwekwa nafasi za kulipiwa, zenye sura karibu sawa na majibu mengine, tofauti ikiwa neno dogo. Kwa kuwa simu zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, tafuteni neno "Sponsorisé". Aliyelipia nafasi hiyo anaweza kuwa mfanyabiashara halali, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Anaweza pia kuwa tapeli aliyevaa jina la mtu mwingine. Desemba 2022 FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo la wazi kwamba wahalifu wananunua matangazo ya namna hiyo ili waonekane kama makampuni ya kweli.

Binamu yangu wa Katuba ilimfika. Alitaka kuomba nafasi katika chuo kimoja cha nje. Jina la chuo alilijua, akaliandika kwenye simu, akabonyeza cha kwanza. Nembo ilikuwa ileile, fomu nzuri, na mwishoni akaombwa dola 25 za kushughulikia faili, zitumwe kwa simu. Akatuma. Aliponionyesha ile fomu baadaye nilitazama juu, kwenye anwani. Jina la chuo lilikuwepo, lakini lilikuwa limefuatwa na nukta na maneno mengine mawili matatu. Chuo chenyewe hakitozi hata senti kwa maombi hayo. Dola 25 kwake ilikuwa ada ya mtoto. Kwa siku kadhaa hakutaka kumwambia mume wake, na kilichomuuma zaidi kuliko pesa ni kujiona mpumbavu. Hakuwa mpumbavu. Aliuliza njia kama tunavyouliza sote, na aliyesimama mbele ya wote pale kona alikuwa mwizi.

Kosa lake moja ni la kusoma, na linatibika kwa dakika tano. Tumezoea kusoma kutoka kushoto, kwa hiyo macho yakiona neno tunalolijua mwanzoni yanaridhika. Anwani inasomwa kwa namna ya kurudi nyuma. Tafuta mkwaju wa kwanza ulio peke yake, ama mwisho wa anwani kama hakuna mkwaju. Kabla yake tazama maneno mawili ya mwisho, au matatu kama ni ya mtindo wa ac.cd. Hayo ndiyo mwenye nyumba. Facebook.com ni Facebook. Lakini facebook.com.bahati-yako.top ni ya mtu anayeitwa bahati-yako.top, na neno facebook hapo ni bango tu alilolitundika getini kwake. Anaruhusiwa na mitambo kulitundika, kama vile hakuna anayemzuia mtu kuandika "Dubai" juu ya duka lake la kule Kamalondo.

Kufuli nayo inapotosha wengi. Watu waliambiwa kwa miaka kwamba wakiona kufuli kando ya anwani tovuti ni salama. Kufuli inasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefunikwa, hakuna anayeyasikiliza njiani. Haisemi unazungumza na mtu mwema. Tapeli naye anapata kufuli, tena bure. Chrome wenyewe waliiondoa ile picha ya kufuli mwaka 2023, kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Mtu anaweza kuuliza: kama kuna hatari, kwa nini hawa wakubwa wanatusukuma tutafute? Kwa sababu nafasi ya kuulizwa ina thamani kubwa sana. Katika kesi iliyoendeshwa huko Marekani ilibainika kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iendelee kuwa mtambo wa kutafuta unaokuja tayari kwenye Safari. Mwaka 2024 jaji akaamua kwamba Google imeshikilia soko hilo kinyume cha sheria. Kila unapoandika jina la benki yako kwenye kisanduku badala ya kwenda moja kwa moja, unapita barazani kwa mtu aliyelipa mabilioni ili upite hapo. Na unachoma mega kidogo kwa ukurasa wa katikati ambao hukuuhitaji, ingawa hilo ni dogo.

Kwa hiyo mimi binafsi nauliza njia kwa mambo mengi. Matokeo ya Mazembe, bei ya simu, dalili za ugonjwa, jina la kijiji: naandika neno, nasoma kinachokuja. Lakini iko milango michache ambayo sipiti kwa mtu kuifikia: pesa, barua pepe, chuo, na nyaraka za serikali. Hiyo nimeihifadhi. Kwenye kivinjari kuna alama ya nyota, ukiibonyeza ukiwa umefika mahali sahihi anwani inabaki kwako, na siku nyingine huhitaji nukta wala Shift wala kumuuliza yeyote. Siku ya kwanza ndiyo ya kuwa makini, na anwani uitoe mahali pa kuaminika: kwenye karatasi ya chuo chenyewe, kwenye kadi ya benki, kwenye bango la mlangoni pao.

Kile kikaratasi cha yule mama kilikuwa na anwani sahihi, na kingetosha. Nilimwonyesha Shift. Akaandika upya, polepole, akibonyeza kwa mikono miwili kila alipofika kwenye nukta, na ukurasa wa chuo ukafunguka bila Google.

Binamu yangu hakuipenda ile nyota, anasema inajificha. Yeye amefanya kwa namna yake. Amefungua orodha ya majina kwenye simu, akaongeza majina mapya manne, na mahali pa namba ya simu ameacha wazi, akajaza anwani ya tovuti. Sasa chuo alichokitafuta kimo humo, herufi kwa herufi, kati ya jina la mama yake mdogo na la fundi wa pikipiki.